Tofali la Mlangoni

Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa baba.

Suti ya bluu ilikuwa imepigwa pasi. Viatu, vya kuazima kwa binamu yake Tracy, vilikuwa vimejazwa karatasi puani ili visimtoke. Nakala tano za mémoire, tasnifu yake, zilikuwa zimefungwa ndani ya kitambaa safi, na kwenye mkoba wa Mama Victorine kulikuwa na kopo la poda ya watoto, lile kubwa. Lubumbashi mtu akifaulu masomo humwagiwa poda kichwani mpaka nyusi zisionekane, kisha hutembezwa hivyo hivyo barabarani ili kila mtu ajue. Na nyumbani kwao Sephora Nkandu, mkono wa kwanza kumwaga siku zote ulikuwa wa baba.

Lakini Papa Mwelwa, fundi wa kuchomelea vyuma katika Kenya, mojawapo ya komini za mji huo, alikuwa amevaa nguo zake za kazi tangu alfajiri na kwenda zake karakanani. Neno lake alikuwa amelisema siku tatu kabla, mezani, bila kupandisha sauti.

"Mutaenda na mama yako. Miye siwezi kumwangia mutoto poda juu ya points yenye alipewa juu ya sura."

Sephora alilia usiku ule, akalia na uliofuata, kisha machozi yakamkauka kwa sababu mémoire haijitetei yenyewe. Akamshika mama yake mkono, wakapanda taksi kuelekea mtaa wa Golf.

Ni vizuri kusema mapema kwamba Papa Mwelwa hakuwa mtu mkali. Miaka mitatu kabla alikuwa na mashine ya kusaga mahindi, moulin kama wanavyoiita huko, iliyolisha nyumba nzima. Aliiuza ili binti yake aingie Chuo Kikuu cha Jacaranda, ambacho kila mtu alikiita Jaca. Siku ilipopakiwa kwenye lori la mnunuzi alisimama akaitazama mpaka lori lilipokata kona, akarudi ndani, akaomba chai. Hakuwahi kuitaja tena. Sasa mtu huyo anaambiwa kwamba alichokinunua kwa mashine yake, binti angeweza kukipata bure kwa kutabasamu. Ukimwona amekasirika, mwache akasirike.

Jaca yenyewe ilikuwa villa ya zamani. Sebule iligeuzwa maktaba, chumba cha kulala cha mwenye nyumba kikawa ofisi ya doyenne, mkuu wa kitivo, gereji ya magari matatu ikawa auditoire kubwa ya informatique, somo la kompyuta. Nyuma kabisa, karibu na bwawa la kuogelea ambalo halikuwa na tone la maji, kilikuwepo chumba cha mpishi, na hicho ndicho walichopewa wanafunzi wa Sayansi ya Maji. Watu walicheka sana kuhusu jambo hilo, na kwa kweli lilichekesha. Ada ilibandikwa kwenye dirisha la mhasibu: dola mia saba kwa mwaka, kwa tranche, yaani awamu, tatu, na asiye na risiti ya tranche hakai kwenye mtihani hata akiwa na homa.

Mwaka wa kwanza walikuwa wanafunzi tisa. Watatu walishindwa na tranche ya pili. Watatu wengine walihamia informatique, ambako waliambiwa kazi hupatikana haraka. Mmoja aliolewa Kolwezi. Akabaki Sephora na Cathy, na mwaka wa pili ulipoanza tu Cathy naye akabeba daftari zake akaenda gereji kwa wenzake.

Mama Clotilde, doyenne, alimwita Sephora akamweleza kwa upole, kalamu ikizunguka vidoleni. Ada ya mtu mmoja hailipi hata tiketi ya profesa anayetoka mbali. Komite ilikuwa imeamua kuifunga filière ya maji. Achague nyingine, au arudishiwe alichokwisha kulipa. Sephora alitoka akaegemea ukuta wa maktaba, na wa kwanza kumkuta hapo alikuwa assistant, mwalimu msaidizi, Jeannot Badibanga.

Jeannot alikuwa na miaka thelathini na miwili, mtoto wa wazazi waliokuja kutoka Kasai kufanya biashara, mwenye mashati mawili ambayo chuo kizima kiliyajua. Habari za komite alikuwa amekwisha kuzisikia. Alibisha kwa doyenne akaingia, na aliyoyasema humo Sephora aliyasikia kupitia dirisha. Alisema atamfundisha yeye mwenyewe miaka miwili iliyobaki, kozi zote anazoziweza, bila mshahara wa kozi hizo. Atakula kwa saa zake za takwimu kule gereji. Profesa mmoja rafiki yake atakuja mara mbili kwa mwaka kumalizia yaliyobaki. Alichoomba ni kile chumba cha mpishi, ubao na chaki.

Doyenne alisema chaki anunue mwenyewe.

Hivyo ndivyo Jaca ilivyopata promotion, yaani darasa, ya mtu mmoja. Meza moja, mwanafunzi mmoja, mwalimu mmoja. Na tofali. Kila siku, kabla hajafungua kinywa, Jeannot alichukua tofali la kuchoma lililokaa pembeni na kuliweka chini ya mlango, maana mlango ule ukiachwa hujifunga wenyewe. Mlango ulikaa wazi mvua ikinyesha. Ulikaa wazi Juni na Julai, baridi ya asubuhi inapoingia mpaka kwenye mifupa, na Sephora akaandika noti zake akiwa na sweta mbili na soksi za baba yake. Moyoni alikuwa amechukia kidogo. Aliona kama mwalimu anataka njia ya kukimbilia.

Papa Mwaba naye, sentinelle, mlinzi wa chuo, alikuwa na tabia yake. Saa ya somo ikifika aliacha geti, akaja na kibao chake, akakaa nyuma kabisa na daftari magotini. Alisema nje kuna jua kali. Hata siku za mvua alisema nje kuna jua kali. Sephora alimzoea pamoja na kikohozi chake.

Mapenzi yalikuja polepole, kama watu wengine wanavyojifunza lugha, bila kujua siku waliyoanza kuielewa. Alianza kwa kugundua kwamba Jeannot akiuliza swali hungoja. Hakusaidia jibu, hakutazama saa. Alikaa kwenye ukingo wa dirisha na kumtazama mtu kama vile jibu lenyewe lina thamani ya kungojwa. Hakuna aliyewahi kumngoja Sephora hivyo. Baadaye akajikuta anazitambua hatua za viatu vyake tangu getini, na kabla hazijafika mlangoni alikuwa amekwisha kuweka nywele zake sawa. Jeannot alibaki mwalimu. Mara moja tu, akimrudishia kalamu iliyoanguka, macho yao yalikutana yakasahau kuachana, mpaka Papa Mwaba akakohoa.

Wiki mbili kabla ya siku hii, baada ya points za mtihani wa mwisho kukabidhiwa, Jeannot alimwita kando ya bwawa kavu. Alisimama wima kana kwamba anatoa hotuba.

"Mademoiselle Nkandu, niliandikia doyenne barua. Haitakuwa tena miye directeur ya mémoire yako. Na mu jury sitakuwa. Prof ya inje njo atakufuata."

"Ulinibeba miaka mbili," Sephora alisema. "Sasa pa mwisho unanitupa?"

"Siko nakutupa."

"Njo nini basi?"

Jeannot alitazama chini, kwenye majani makavu yaliyojaa bwawani. "Muntu mwenye eko natoa points hawezi kuenda kwa baba ya mwanafunzi yake kuomba bibi," alisema. "Na miye minataka kuenda kwa baba yako. Kama unakubali. Kama haukubali, barua itabakia vile, na mémoire yako itaendelea, na sitakuuliza tena."

Sephora aliomba siku moja afikiri. Alikwenda nyumbani kwa miguu nusu ya njia akijihoji. Je, ni mapenzi au ni shukrani tu? Mtu akikutoa shimoni utampenda, hata awe mzee wa miaka themanini. Akazihesabu shukrani zake moja moja. Alimshukuru baba kwa mashine. Alimshukuru mama aliyempunguzia kazi za nyumba. Alimshukuru Mama Clotilde aliyekubali, na Papa Mwaba aliyemfungulia geti hata akichelewa. Shukrani zilikuwa nyingi, zilimtosha na kubaki. Lakini hakuna hata siku moja aliyoweka nywele sawa kwa kusikia viatu vya Mama Clotilde. Kesho yake alimwambia Jeannot ndiyo, kwa neno hilo hilo moja, akakimbia kuwahi maktaba.

Shida ni kwamba habari mbili zilifika kwa Papa Mwelwa ndani ya wiki moja. Ya kwanza aliletewa na mteja aliyeagiza geti, ambaye mtoto wake alisoma na Cathy: kwamba Jaca kuna msichana mwenye mwalimu wake peke yake, kwenye chumba cha nyuma. Ya pili ilitoka kwa mjomba wa Jeannot, akiomba kwa heshima siku ya kuja kujitambulisha. Papa Mwelwa aliziweka pamoja kama mtu anavyounganisha vyuma viwili, na kiungo kikashika.

"Njo vile," alisema. "Alikuwa nakupatia points. Leo anakuya kukamata malipo yake."

Sephora aliapa, mama aliomba, na mjomba wa Jeannot akajibiwa kwamba asije.

*

Siku ya kutetea mémoire geti la Jaca lilifunguliwa na mhasibu mwenyewe, amenuna, maana Papa Mwaba alikuwa hajaonekana tangu asubuhi na hakuna aliyejua alikokwenda. Chumba cha mpishi kilikuwa kimepangwa viti. Auditoire kubwa ilikuwa na mtihani wa informatique, hivyo mémoire ya maji ingetetewa palepale iliposomwa, na atakayekosa nafasi asimame nje.

Jeannot alikuwa anabeba viti viwili viwili. Alipowaona aliviweka chini, akamsalimu Mama Victorine kwa mikono miwili na kuinama. Mama, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu, alimwitikia salamu yake, akasogea mbali kidogo kutazama maua ambayo hayakuwepo.

"Papa?" Jeannot aliuliza.

"Alienda ku kazi."

Alitikisa kichwa taratibu. Alikuwa amevaa lile shati jeupe, na kola yake ilikuwa imegeuzwa upande wa pili ili mchakao usionekane. Sephora alitamani kuigusa, akashika mkoba wake badala yake.

"Mu remerciements, jina yangu ulitosha?"

"Nilitosha, sawa vile uliniomba."

"Aksanti."

Ukurasa ule wa shukrani ulikuwa na watu kumi na wanne. Alikuwa amemshukuru hata dereva wa pikipiki aliyembebea vifaa. Kulifuta jina la Jeannot kulimuuma kuliko kurasa zote tisini, na sasa mwenyewe anamshukuru kwa kulifuta.

"Nitakaa inje, pale pa piscine," Jeannot alisema. "Mulango utakuwa wazi. Nitasikia sauti yako." Alichukua viti vyake, akasita. "Na unisamehe juu ya ile baridi yote."

Hakuelewa ni kwa nini amekumbuka baridi siku ile. Doyenne alikuwa amekwisha kuita.

Wajumbe wa jury walikuwa watatu, wote kutoka nje ya Jaca, kama Jeannot alivyotaka. Mwenyekiti alikuwa profesa mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Sephora alieleza kwa Kifaransa kazi yake ya mwaka mzima: visima arobaini na viwili vya komini ya Kenya, kina cha maji ya kila kimoja kabla na baada ya mvua, na umbali wake kutoka choo cha karibu. Alianza kwa sauti ndogo. Kwenye kisima cha kumi sauti ilimrudia, maana visima vile alivijua kimoja kimoja pamoja na mbwa wa wenye nyumba.

Mwenyekiti alivaa miwani. Akasema namba hizi ni nzuri mno. Akauliza nani anawahakikishia kwamba bibi huyu alizipima huko visimani na si kwenye kiti chake nyumbani, ikiwa chuo hiki hakina hata kifaa cha kupimia.

Sephora alinyanyua macho, na mlangoni, karibu na tofali, akamwona baba yake. Alikuwa na nguo zake za kazi zenye matundu ya cheche, kofia mkononi, na nyuma ya bega lake palionekana kichwa cha Papa Mwaba. Alisahau Kifaransa kwa muda. Kisha akakipata.

Alieleza kwamba kifaa alikuwa nacho. Kilikuwa kamba yenye alama kila nusu mita, na mwishoni kipande cha chuma chenye shimo kama kikombe kilichopinduliwa, ambacho kikigusa maji hutoa mlio. Mlio huo ukisikika unasoma kamba. Chuma hicho hakiuzwi dukani. Kilichomelewa na fundi, naye akakichomelea tena mara mbili mpaka kikalia vizuri.

"Fundi gani?" mwenyekiti aliuliza.

"Ni baba yangu. Amesimama pale mlangoni."

Vichwa vyote viligeuka. Papa Mwelwa, ambaye hakuelewa kila neno lakini alilielewa la mwisho, aliikunja kofia yake mara mbili na kutazama pua ya kiatu chake. Mwenyekiti alimtazama kwa kitambo, akavua miwani, akasema hana swali jingine.

Jury ilijifungia maktabani kwa robo saa. Waliporudi kila mtu alisimama, na mwenyekiti akasoma: pointi kumi na saba juu ya ishirini, grande distinction, daraja la heshima kubwa. Akaongeza kwamba katika kazi alizosoma mwaka huu, hii ndiyo iliyomfanya atake kwenda kukagua kisima chake. Mama Victorine alikaa chini ghafla na kuufungua mkoba, kisha akaufunga, akimtazama mumewe. Papa Mwelwa hakusogea mlangoni.

Ilibaki sehemu ya mwisho, neno la shukrani. Sephora alishika karatasi yenye majina kumi na manne akayasoma yote. Kisha akaikunja. Alijua baba yumo. Alijua kwamba neno atakalolisema lingeweza kumrudisha baba karakanani, na pengine asimwite tena mtoto wake kwa mwezi mzima. Lakini kusimama siku ile na kumnyamazia mtu yule kungekuwa wizi. Akaacha Kifaransa, akasema kwa lugha ya nyumbani ili kila mtu amsikie.

"Iko jina moja yenye haiko mu hii karatasi. Mwenyewe aliniomba niitoshe, na nilitosha, na moyo ilinikatala. Bote beko hapa banajua nilibakia peke yangu mu hii nyumba. Kama assistant Badibanga hakuingia mu bureau ya doyenne ile siku, ningekuwa nyumbani, na moulin ya baba yangu ingekuwa ilipotea bule. Hakunipatia point hata moja yenye sikufanya. Bantu basema yenye banataka. Miye namushukuru mbele ya Mungu na mbele ya baba yangu."

Nje, ukingoni mwa bwawa, Jeannot alikuwa amesimama. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa wanamtazama mzee wa mlangoni.

Papa Mwelwa aliingia. Aliomba ruhusa kwa mwenyekiti kwa kuinua kofia, akasimama katikati ya chumba, akinuka moshi wa kazi.

"Miye sikukuya hapa juu ya mutoto," alianza. "Nilikuya juu ya huyu."

Akamvuta Papa Mwaba kwa mkono wa shati. Kisha akasimulia, polepole, jinsi asubuhi ile mtu asiyemjua alivyoshuka kwenye pikipiki mbele ya karakana na kumwambia: weye ni baba ya Sephora, minakuletea kintu. Kintu chenyewe kilikuwa daftari. Lilikuwa na masomo ya miaka miwili, kwa mwandiko wa mtu aliyeacha shule zamani, na juu ya kila somo tarehe kwa kalamu nyekundu. Papa Mwelwa alizikagua tarehe hizo kwa saa nzima, kazi za watu zikingoja. Hakuna wiki iliyorukwa.

"Ongea weye mwenyewe," alimwambia mgeni wake.

Papa Mwaba alikohoa. Kwa miaka miwili alikuwa amekaa nyuma ya chumba hiki, na hakuwa amewahi kusimama mbele yake.

"Siku ya kwanza kabisa Assistant alikuya pa geti," alisema. "Akaniambia: papa, ukuye ukae na siye kila somo. Ule mutoto eko peke yake, na mulango nitaacha wazi. Minataka akamate diplome yake na jina yake muzima. Akaniambia tena, usimwambie, ataona haya. Miye nikakubali. Halafu nikaona kukaa bule haina muzuri, nikaanza kuandika."

Sephora aliutazama mlango. Sweta mbili. Soksi za baba. Asubuhi zote zile alizomchukia kwa ajili ya mlango, na mlango ulikuwa unamlinda yeye. Alimtafuta kwa macho huko nje, na Jeannot alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa.

"Miye sikumwamini," Papa Mwelwa aliendelea. "Kaye ya masomo unaweza kuandika siku moja. Nikamwambia: kama ulisoma miaka mbili, nifundishe. Akaniomba ndoo." Hapa watu walianza kutabasamu. "Akatia muchanga, akatia maji, akanionyesha kwenye maji inajificha chini ya udongo. Kisha akauliza kisima yangu iko wapi, na choo iko wapi. Akapima na miguu. Akaniambia ile maji tusinywe tena."

Mwenyekiti wa jury alicheka mpaka miwani ikamruka kifuani. Mama Clotilde alicheka pia, na mhasibu, ambaye hakuna aliyejua kwamba ana meno.

Papa Mwelwa hakucheka. Alinyoosha mkono bila kugeuka, na Mama Victorine, aliyekuwa anaungoja mkono huo tangu asubuhi, akaweka kopo la poda ndani yake. Alimmwagia binti yake taratibu, kichwani, mabegani, kwenye suti ya bluu, kama mtu anayetia unga kwenye gunia asimwage hata punje.

"Leo nimeona moulin yangu," alisema, chini, kwa ajili yake peke yake.

Sephora alimkumbatia na kumpaka poda nguo zote za kazi. Baba alimwachia, akamwaga konzi nzima juu ya Papa Mwaba, ambaye alifumba macho na kupokea kama mtu aliyefaulu, na kwa hakika alikuwa amefaulu. Kisha akatoka nje, na watu wakamfuata mpaka ukingoni mwa bwawa.

"Kuya hapa," alimwambia Jeannot.

Jeannot alisogea. Alikuwa mrefu kumzidi mzee, ikabidi ainame.

"Nilikufikiria mubaya," Papa Mwelwa alisema mbele ya wote. "Nilikosa. Unisamehe, mwana yangu."

"Hapana, papa. Haukukosa. Ulikuwa nachunga mutoto yako." Jeannot aliongeza. "Aksanti juu ya kukuya."

Poda iliyobaki yote ilimwagikia yeye, kwenye nywele, masikioni, kwenye ile kola iliyogeuzwa. Mzee akapigapiga chini ya kopo kuhakikisha hakuna kilichobaki. Kisha, bila kueleza, alirudi mlangoni, akainama, akaliokota tofali. Mlango ukajifunga wenyewe kwa kulialia. Akaja nalo akaliweka mikononi mwa Jeannot.

"Ambia oncle yako akuye dimanche, kisha kanisa. Familia yangu itaandika liste ya mali ya ndoa, unajua bantu. Batauliza mbuzi, batauliza costume, batauliza bilamba ya mama ya kuvaa. Mutaongea, batapunguza. Lakini kintu ya kwanza ku liste nitaandika miye mwenyewe: hii tofari. Siku ya mali uilete. Kama haiko, sitapokea kintu ingine."

Jeannot aliligeuza tofali, akawa na wasiwasi. "Papa, iko ya université. Nitauliza kwanza ruhusa."

Mama Clotilde alisema achukue tu. Kwa kumbukumbu zake, alisema, hicho kitakuwa kitu cha kwanza Jaca kumpa mtu bila tranche, na mhasibu asithubutu kuandika risiti.

Watu walirudi ndani kwenye vinywaji na biskuti. Sephora alibaki amesimama mbele yake, wote wawili weupe, na baada ya miaka yote ile hakujua aanzie wapi. Alikuwa na shukrani kifuani ambazo hata kurasa tisini zisingetosha. Akaanzia kwenye kitu kidogo.

"Jeannot," alisema. Kinywa kilishangaa jinsi jina lile lilivyo jepesi bila assistant mbele yake. "Panguza macho, poda iliingia."

"Haina poda," alijibu.

Lakini mikono yake miwili ilikuwa imebeba tofali, hakuweza kujipangusa. Sephora alivuta mkono wa suti yake ya bluu, akasogea, akampangusa jicho moja, kisha la pili, bila haraka, mchana kweupe. Papa Mwelwa, aliyekuwa hatua tatu tu kutoka pale, aligeuka akakaa anatazama bwawa, ambalo halikuwa na chochote cha kutazamwa.